Jiko Lililosubiri Kamera

Dada yangu mpendwa,

Picha zako zimetundikwa makumbusho huko Dar, ukuta mzima, pamoja na za wanawake wengine waliopiga picha za mambo ya nyumbani. Nilikwenda kuziona. Ipo ile ya mama anasonga ugali, na ile ya nguo zetu mbichi tulizoanika juu ya moto kwa sababu jua la kijijini kwetu Yakobi mwezi wa sita ni la kubahatisha. Watu wanasimama kutazama masufuria yetu, tena kwa heshima! Nikakumbuka mama alivyokuwa akikukaripia: "Wenzio wanapiga maharusi, wewe unapiga masizi." Ulikuwa unacheka mpaka kamera inatikisika.

Lakini nakuandikia kwa ajili ya mama.

Siku ile ya mwisho betri ya kamera ilikuishia ukiwa katikati ya kupiga picha jikoni. Ukatuambia, "Msiguse kitu, nafuata nyingine Makambako," kwenye studio yako ya picha za pasipoti. Basi ulilopanda likagongana na lori kabla hujafika. Tulikuzika, wageni wakaondoka, na mama hakugusa kitu. Maganda ya viazi yakakauka kwenye beseni, kigoda kikabaki kimelala ubavu, kikombe chako dirishani. Yeye akawa anapikia barazani, kwenye ukungu na upepo, kifua kinambana. Kila asubuhi alikuwa anafungua mlango wa jiko, anasalimia, "Kamwene," halafu anasubiri. Anasubiri kweli, dada. Na mimi nyuma yake natega sikio, Mungu anisamehe, naogopa utaitikia.

Kila nilipomwambia tusafishe, alikuja juu: "Amesema tusiguse! Hukumsikia?"

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa makumbusho. Alichungulia, akashika mdomo. Akasema pabaki hivi hivi, watatuma mtu apapige picha kama ulivyopaacha. Mama alifurahi jamani, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi nikachemka. Nikamwambia yule mgeni, "Picha mmezipata. Mama yangu simtoi sadaka."

Alipoondoka niliingia jikoni, nikamwaga maganda, nikawasha moto. Mama alipiga kelele, akanitwanga mgongoni na vile vingumi vyake. Nikamwacha anitwange. Alipochoka akakaa, akanyoosha mikono kwenye moto. Nikasonga ugali pembeni yake. Ndipo akaniuliza, taratibu, bila hasira:

"Sasa akija na betri, atapiga nini?"

Nilimtengea chakula, akala, akasinzia palepale kwenye joto. Kukohoa kumepungua tangu siku hiyo.

Dada, hakuna siku nisiyotamani urudi. Nikisikia basi linasimama barabarani, natoka mlangoni. Lakini jikoni kwa mama, nakuomba kwa upendo wote nilio nao, usije.

Ni mimi,
mdogo wako