Sentensi Tatu Nilizozimeza

Jumanne, 10 Januari 2017

Simu kutoka kamati ya tume. Nimepata kazi! Ya siku moja tu, lakini kazi gani hiyo! Mkoa unataka kuunda tume ya serikali ya kusaidia shule kufundisha Maangamizi ya Wayahudi na mauaji mengine ya kimbari. Kabla ya tume kuzaliwa, kamati inakusanya ushahidi wa watu kumi na wawili wanaoishi hapa hapa Ontario. Ushahidi huo ndio utaamua sura zipi ziingie kwenye vitabu vya walimu. Wazee wa Kiyahudi wameshasema. Wa Rwanda amekubali mmoja tu, mama mmoja, na anataka Kiswahili.

Nikauliza, mbona si Kinyarwanda? Shahnaz, karani wa kamati, akacheka. (Mwismaili wa Mississauga, kazaliwa Mwanza, na Kiswahili chake kinaniaibisha mimi Mmeru.) Akaniambia mama hataki mkalimani wa kwao. Wanyarwanda wa Toronto wanajuana wote, huyu mtoto wa nani, yule kaka yake alifanya nini. Mama alikuwa na duka Nyamirambo, mtaa wa Waswahili kule Kigali, kisha akaishi Nairobi miaka sita. Kiswahili anacho cha kutosha. Anataka mtu asiyemjua mtu wake yeyote. Basi, mimi.

Kuna watu wanaiandikia kamati barua kila wiki wakitaka sura ya Rwanda itolewe. Eti pande zote ziliuana tu, yaishe. Shahnaz anasema tuwe waangalifu mno.

Ijumaa, 13 Januari

Nimechoka hadi kwenye mifupa.

Chumba cha mkutano, ghorofa ya sita, Bay Street. Wanakamati watatu, msichana wa kuandika, mimi. Shahnaz hakuwepo. Na Mama Onesphore, na Onesphore mwenyewe. Kijana mrefu, mpole, anasomea uhandisi, atafikisha ishirini na mbili mwezi wa tatu. Alikuja na thermos ya chai ya mamake na mto wa kuwekea mgongo. Kiswahili hajui, "asante" na "karibu" basi. Nyumbani kwao ni Kinyarwanda na Kiingereza. Mama naye Kiingereza chake ni cha dukani na cha kwenye basi.

Alikataa kurekodiwa. Aandikwe tu, kutoka mdomoni mwangu.

Alisema vizuri. Polepole, kama mtu anayepanga vyombo. Tarehe 12 Aprili 1994, mumewe alitolewa nyumbani akauawa mbele ya duka. Nilisema yote. Hata rangi ya shati nilisema. Onesphore alikuwa anatazama meza.

Halafu mama akavua miwani. Akanitazama mimi, si wanakamati, mimi! Akasema sentensi tatu. Naziandika hapa kwa sababu hakuna pengine zilipoandikwa:

"Walinifungia nyumba ya jirani hadi Julai. Walikuwa wanne, wakipokezana. Huyu mwanangu ni wa mmoja wao, sijui yupi."

Nikafungua mdomo. Kijana yuko pale, goti lake linagusa goti la mamake. Nikasema kwa Kiingereza kwamba hadi Julai aliteseka sana. Nukta. Nikaomba maji.

Onesphore alilia. Akamkumbatia mamake mbele ya watu wote, na mama akafumba macho, akamshika kichwa kwa mikono miwili, muda mrefu. Hata msichana wa kuandika aliacha kuandika.

Kwetu Meru mwana hasikii habari za chumbani za mamake, hata zile za heri, sembuse hizi. Ningezisemaje? Kwa mdomo upi?

Jumapili, 15 Januari

Kanisani sikusikia mahubiri. Mogaka kaniuliza nina nini. Nikamweleza, bila majina. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Amesema nilifanya utu.

Utu! Miaka kumi na moja ya kesi za wakimbizi sijawahi kuruka neno. Nimetafsiri matusi. Nimetafsiri mtu akimwongopea hakimu mchana kweupe. Niliapa kusema yote, na kila mara nilisema yote. Mara hii moja nimejifanya mama mzazi wa kila mtu.

Lakini amekumbatiwa, si ndiyo? Kijana yuko salama. Kamati imeridhika. Yamekwisha.

Alhamisi, 19 Januari

Hayajakwisha.

Onesphore kanipigia saa ya chakula cha mchana. Ananiita Auntie. Ameshukuru, kisha akasema mamake amebadilika tangu siku ile. Anaimba jikoni! Jumapili alivaa kitenge alichokiweka miaka, akawaalika majirani wa Mount Dennis ghorofa nzima, akapika. Onesphore hajawahi kumwona hivyo tangu azaliwe. Ila kuna kitu hakielewi. Kila siku mamake anamshika mkono na kumwambia asante. Asante kwa kubaki mwanangu. Kijana akaniuliza, Auntie, ananishukuru nini? Nilimpeleka tu mjini kwa gari.

Nilikaa chini, kwenye ngazi za ofisi, watu wakinipita.

Woi. Woi mimi Jemimah.

Alinitazama mimi. Alichagua Kiswahili, lugha ambayo mtoto haijui, akachagua mkalimani. Nilidhani anajificha. Hakuwa anajificha! Kwetu pia habari nzito haisemwi na mwenyewe. Baba alipofariki, mama hakutuambia, alitumwa mjomba, akatembea kutoka Nkubu kuja kutuambia. Mama Onesphore alikosa wa kumtuma kwa miaka ishirini na mbili. Akanituma mimi. Nami nikabaki na ujumbe tumboni, kijana akamkumbatia kwa ajili ya baba anayemjua kwa picha tu, na mama akadhani ameshasikia. Amedhani kijana anajua na bado anamwita Mama. Ndiyo maana anaimba.

Nitakwenda Jumatatu. Nitamwambia mama kwanza, ana kwa ana. Halafu yeye ataamua. Ee Mungu, nipe mdomo.

Jumatatu, 23 Januari

Nimefika kwao na mkate wa ndizi. Jirani ndiye aliyefungua. Kiharusi, Jumamosi asubuhi. Onesphore alimkuta sakafuni, bafuni.

Hasemi. Upande wa kulia umekufa. Madaktari wanasema maneno yanaweza kurudi, yanaweza yasirudi.

Nimeacha mkate kwa jirani.

Ijumaa, 27 Januari

Shahnaz. Sauti yake ya kazini, si ile ya kucheka.

Alisema, "Dada Jemimah, nina shida na hesabu." Kwa kuwa mama hawezi tena kusaini, atasaini mwanawe, karatasi kwa karatasi. Onesphore amejaza fomu. Jina la baba: yule aliyeuawa mbele ya duka, tarehe 12 Aprili 1994. Tarehe yake ya kuzaliwa: 2 Machi 1995. Miezi kumi na siku kumi na nane. Mtu wa kamati anayekagua tarehe ameweka alama nyekundu. Kama ushahidi una uongo mahali pamoja, utatolewa wote, kwa sababu wale wa barua watauchapisha kila mahali. Ukitoka huo, Rwanda haina shahidi. Sura inatoka. Watoto wa shule mkoa mzima watafundishwa bila hiyo. Ripoti inakwenda kwa waziri Jumanne saa kumi.

Shahnaz ni mwanamke mzima, ana akili zake. Akauliza polepole, "Dada, kuna kitu mama alisema pale?"

Nikasema hapana.

Hapana! Upesi hivyo, kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Kwa nini? Kwa sababu nikisema ndiyo, lazima iandikwe, na ikiandikwa atakayeisoma wa kwanza ni Onesphore, peke yake, kwenye karatasi ya serikali, kalamu mkononi. Na kwa sababu naogopa. Tusidanganyane, Jemimah, hakuna anayesoma hapa. Naogopa kupoteza cheti changu. Naogopa uso wa Shahnaz. Naogopa kila kitu.

Shahnaz akasema basi itabidi awaandikie wote wawili, mimi na Onesphore, kuomba maelezo. Nikamsihi asimwandikie kijana. Nikamsihi hadi nikaona haya. Akasema, dada, ndio utaratibu, mimi ni karani tu.

Jumamosi, 28 Januari

Hospitali. Nilingoja hadi Onesphore ashuke kununua kahawa.

Mama ananijua. Jicho moja linafuata. Mkono wa kushoto una nguvu bado, aliushika wangu na kuubana, na uso, ule upande unaoweza, ulitabasamu. Ananitabasamia mimi! Anafikiri mimi ndiye niliyemfikishia.

Ningenyamaza, aki. Ningemwacha na tabasamu lake hadi mwisho, nani angejua? Lakini barua inakuja. Akianza kuulizwa na mwanawe, na hana ulimi wa kujibu!

Nikainama nikamwambia sikioni. Mama Onesphore, nisamehe. Siku ile sikusema. Zile tatu za mwisho, sikusema. Hajui.

Nilidhani hakunisikia. Kisha jicho likajaa maji. Moja tu. Akauvuta mkono wake kutoka kwangu, taratibu, akauficha chini ya shuka.

Nikamwomba anipe ruhusa. Nikasema, ukikubali nimwambie mimi, bana mkono wangu, mara moja tu. Nikaweka mkono juu ya shuka. Nikangoja. Nilisikia lifti, nilisikia muuguzi akicheka huko nje. Mkono wake haukutoka. Hapo Onesphore akarudi na vikombe viwili, kimoja changu, chenye sukari nyingi kwa sababu anasema watu wa Kenya wanapenda sukari. Nikakinywa chote. Nilikuwa nakufa na nikakinywa chote.

Jumapili, 29 Januari

Sikuingia kanisani. Nilikaa garini hadi ibada ikaisha.

Sijui kama kuuficha mkono ni hapana. Labda alichoka. Labda ni hasira, na hasira si hapana. Labda natafuta njia ya kujiokoa mimi. Nimeandika barua mbili kwa Shahnaz. Ya kwanza ina sentensi zote tatu. Ya pili inasema tarehe zilikosewa, mume alikufa Juni. Hiyo ya pili ni rahisi sana! Hesabu itakubali, sura itabaki, kijana atabaki na baba yake. Na mume wa watu nitakuwa nimemhamishia kifo miezi miwili mbele, na mama nitakuwa nimemfuta kabisa.

Nimeichana ya pili. Nimeiandika tena. Nimeichana.

Jumatatu, 30 Januari

Saa tisa alasiri. Onesphore yuko jikoni kwangu.

Hakupiga simu, alikuja tu, na theluji kwenye mabega. Nimemwambia nakuja, natafuta miwani. Miwani iko kichwani mwangu. Nimekaa kitandani, mlango uko wazi, namwona nusu yake. Naandika kwa sababu mikono lazima ishike kitu.

Amepata barua ya Shahnaz. Hana hasira, ndiyo mbaya zaidi. Anasema kamati imekosea, watu wa ofisini hawajui hesabu, atawajibu leo leo. Anataka tu mimi nisaini naye, kwa kuwa nilikuwepo. Na amekuja na picha ya baba, iliyopigwa dukani, kwenye bahasha ngumu. Ameniuliza kama wanaweza kuiweka mwanzoni mwa sura, ili wanafunzi wamwone. Anasema pua yake ni ile ile. Kuna watu humwambia hivyo.

Nikasema, "Onesphore, keti kwanza." Akaketi. Nikasema mamako siku ile alisema na mengine. Akaniangalia. Nikashindwa. Nikasema natafuta miwani.

Mogaka anarudi saa kumi na moja. Kesho saa kumi ripoti inakwenda. Mama yuko kitandani na mkono chini ya shuka, na hakuna mwingine duniani mwenye sentensi zile.

Inuka, Jemimah. Inuka uende.

Kalenda yangu ya kanisa ameitoa ukutani, ameiweka mezani kando ya picha. Anafunua na kuhesabu kwa sauti ndogo. Ameanzia Aprili. Mei, moja. Juni, mbili. Hana wasiwasi, anataka kuwaonyesha walivyokosea. Septemba, tano. Naingia sasa. Desemba, nane. Januari, tisa.

Amefunua Februari, kisha Machi, bila kuhesabu.

Amerudi Aprili, anaanza tena.