Sabuni Iliyokaukia Kwenye Kromu

Mwaka umekatika, Kioo, tangu tukurudishe udongoni, na mimi mkeo bado nina hasira nawe. Mdogo wako alitaka tangazo hili liandikwe kwa maneno ya upole. Nikamwambia kalamu nashika mimi, na asiyependa afunge gazeti.

Watu walikuita Kioo kwa sababu ya pikipiki yako. Vijana walichania nywele mbele ya madigadi yake, na mama yako aliwahi kuinama kwenye ekzosi akafunga kilemba, akaondoka ameridhika. Ulikuwa fundi cherehani, lakini nusu ya vipande vilivyobaki mezani kwako vilikuwa mali ya pikipiki. Kaki ilikuwa ya magurudumu. Pamba laini, iliyofuliwa mara tatu, ilikuwa ya kromu peke yake. Siku moja nilichukua kipande nikapangusia jiko, ukaninunia siku mbili.

Ulikuwa mtu mwema, nani atabisha. Mtoto wa jirani akichanika sare asubuhi, ulimshonea amesimama hapohapo mlangoni, begi mgongoni, na shule hakuchelewa. Binti yetu ulimfundisha kila Jumamosi bila kuchoka. Pikipiki ikitoka barabarani iachwe ipoe, maana maji kwenye kromu ya moto huacha alama. Ioshwe kwa sabuni kidogo, na sabuni isikaukie juu yake hata kidogo. Kutu ikichomoza, chukua karatasi ya foili, ikunjekunje, ichovye maji, sugua taratibu. Waya wa masufuria ni marufuku. Kausha mpaka kwenye skrubu. Halafu paka nta, nyembamba, unyevu usipate pa kushika. "Kutu unayoiona leo si ya leo," ulikuwa ukimwambia. "Ilianza huko chini, wewe umelala."

Yote hayo uliyajua. Ndiyo maana nina hasira.

Jumamosi ile ulirudi kutoka kupeleka suti ya bwana harusi, umevaa kaptula. Wakati unashuka, shavu la mguu likagusa ekzosi, na ngozi ikabaki pale kwenye kromu. Na wewe, mwenye sukari ya miaka sita, uliyeambiwa na daktari kwamba hata kijipu cha mguuni usikifanyie mzaha, ulivuta kigoda ukakaa. Nilidhani unasubiri maumivu yapungue. Kumbe unasubiri ekzosi ipoe. Ulipoona imepoa ukaisugua mpaka saa sita mchana, alama ya ngozi yako ikatoka, ukapaka nta. Mguu ukaufunga kitambaa kilekile cha kung'arishia. Nilipouliza, ukasema, "Mchubuko tu, mama."

Wiki tatu ulivaa suruali ndefu ndani ya nyumba. Ulilala na soksi. Harufu ilipoanza ukanunua manukato, nami mjinga nikafurahi, nikidhani mume wangu ameanza kujipenda. Siku ulipoangukia cherehani, sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Daktari aliniuliza, "Mlikuwa wapi siku zote hizi?" Uliniachia swali hilo, Kioo, na kila nikiosha vyombo linanirudia.

Baada ya mazishi, mdogo wako, yule seremala, aliifunika pikipiki kwa turubai la nailoni, akaikaza kamba na kutangaza kwamba haitaguswa mpaka mwaka utimie. Sote tukaona ni heshima. Hakuna aliyekumbuka kwamba wewe uliifunika kwa shuka la pamba, ukisema nailoni inaitoa kromu jasho. Jumamosi iliyopita tulifungua. Maji yalikuwa yanatiririka upande wa ndani wa turubai. Usukani, madigadi, ekzosi, kote vipele vya kutu. Mama yako aliketi chini palepale. Mimi nikampa shemeji maneno yake yote, na mengine yaliyokuwa yako.

Kwa aibu akaingia jikoni, akatoka na waya wa masufuria. Binti yetu akampokonya, akamletea foili na beseni la sabuni. "Hivi, baba mdogo. Taratibu." Shemeji akapaka sabuni pikipiki nzima, akachuchumaa, akaanza kusugua ekzosi. Suruali ikapanda. Kwenye muundi wake nikaona kitambaa cha pamba laini, kutoka kwenye gunia lako la vipande.

"Shemeji, nini hicho?"

"Ubao uliniangukia. Mchubuko tu."

Nilimzaba makofi mawili ya mgongo, lake na lako. Nikafungua kitambaa. Kidonda cha wiki mbili, kingo zake nyeusi. Yeye naye ana sukari, mlifanana mpaka kwa hilo, na kipimo chake kilikuwa kabatini hakijaguswa tangu tukuzike. Akaniomba amalizie kwanza upande mmoja wa ekzosi. Nikamwambia akiigusa tena naisukumia mtaroni, pikipiki na yeye juu yake.

"Naogopa, shemeji," akasema, macho chini. "Wataukata."

Basi tukaenda. Mama yenu amemshika mkono huu, mimi ule, na povu bado liko viganjani mwake.

Daktari alikuwa yuleyule. Safari hii hakuniuliza tulikuwa wapi. Alisafisha kidonda, akampa dawa, akasema mguu utapona akifuata masharti, na kwamba tungechelewa wiki moja tu angesema mengine. Sasa kila asubuhi shemeji anakuja kupima sukari mezani kwetu, mbele ya macho yangu, halafu anakunja suruali bila kuambiwa.

Tuliporudi siku ile, jua lilikuwa limeshafanya kazi yake. Sabuni ilikuwa imekaukia kwenye kromu, madoa meupe toka usukani mpaka ekzosi, kitu ulichokichukia kuliko vyote. Binti yetu akayatazama.

"Baba angekasirika," akasema.

"Na akasirike," nikamjibu. "Mimi nimekasirika mwaka mzima."

Madoa bado yapo. Jumamosi tutayaosha, kidonda kikishasafishwa. Mguu kwanza.

Tungekuwa nawe, Kioo, ungetufundisha namna ya kuyatoa. Hatutakusahau, hata siku tutakapochoka kukukasirikia. Wanaokukumbuka ni mimi mkeo. Binti yako, ambaye sasa ndiye mwenye foili na nta. Mama yako, ambaye siku hizi anafungia kilemba mbele ya kioo cha ukutani na anasema hakimpendezi. Na mdogo wako, aliyelileta tangazo hili gazetini kwa miguu yake miwili.