Nilimwambia Amepumzika

Jumanne, 10 Septemba 2024

Hospitali tangu asubuhi. Baada ya daktari, muuguzi mmoja wa kitengo cha utafiti, Sista Yasinta, alituketisha chumba cha pembeni, mimi na mke wangu Antonia, akafunga mlango. Nilidhani ni habari mbaya zaidi. Kumbe ni ombi.

Kuna dawa mpya ya kansa ya shingo ya kizazi, hii ya Antonia. Walianza kuijaribu kwa watu wachache, kuona mwili unavumilia kiasi gani. Wakaongeza watu, kuona kama uvimbe unasinyaa. Sasa wanatafuta jibu moja tu: ukiiongeza juu ya tiba ya kawaida, mgonjwa anaishi zaidi? Hakuna anayejua. Sista alisema hivyo hivyo, hajui, na hakuona aibu kusema.

Wote watapata mionzi na kemo kama kawaida. Juu yake, kundi moja litawekewa dripu yenye dawa, jingine dripu ya maji ya chumvi tu. Kompyuta inagawa watu kama kura. Daktari hajui nani yuko wapi. Sista hajui. Mgonjwa hajui. Nikauliza kwa nini mfiche. Akasema mtu akijua amepata dawa hujisikia nafuu hata kama hana, na daktari naye atamtazama kwa jicho la matumaini.

Majaribio — neno lilinikaa vibaya. Nikasema sisi si panya. Antonia akanigusa goti. Alisema, Elieza, kila kidonge nilichowahi kumeza kuna mtu alikimeza kabla yangu.

Kisha akamuuliza sista, nikichoka naweza kuacha? Siku yoyote, sista akajibu, wala hudaiwi sababu, na tiba yako ya kawaida inaendelea. Akasaini.

Tumerudi nyumbani, Nzuguni. Amepika ugali na mlenda kama siku nyingine zote.

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Dripu ya kwanza. Kwenye kiti cha jirani alikuwa mama mmoja wa Ipagala, anaitwa Witness, naye yumo kwenye utafiti. Wanashindana kukisia. Witness anasema yake ni maji tu, hasikii chochote. Antonia anasema yake ni dawa, ulimi umekuwa na ladha ya senti. Sista Yasinta anawasikia, anatingisha kichwa, anapima presha.

Nimekaa kwenye benchi nikiangalia tone moja moja. Maji meupe. Dawa nyeupe. Huwezi kujua.

Alhamisi, 13 Februari 2025

Uvimbe umesinyaa! Daktari alitugeuzia kompyuta tuone wenyewe — mwanzoni ulikuwa kama limau, sasa kama punje ya karanga. Antonia alisema basi nilipata dawa. Sista akamwambia inawezekana, lakini inawezekana pia ni mionzi na kemo peke yake, mtu mmoja hatoshi kutuambia, ndiyo maana wako mia kadhaa, hapa na nchi nyingine.

Kwa hiyo mimi ni mmoja tu kati ya mia kadhaa, Antonia akasema, kama anayelalamika kidogo.

Sista akajibu, bila huyo mmoja mmoja hizo mia hazipo.

Mchana nilirudi kazini, nikamwendesha bosi mpaka wizarani, Mtumba. Akaniuliza leo una nini, mbona unaimba kwenye gari la serikali.

Alhamisi, 8 Mei 2025

Dripu zimekwisha. Sasa ni kufuatiliwa tu: simu mara kwa mara, na kurudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Kwa miaka kadhaa, sista anasema. Utafiti haufungwi mtu akimaliza dawa. Wanachotaka kujua ni anaishi vipi na anaishi muda gani.

Witness bado anazo dripu. Damu yake ilikuwa inashuka, wakawa wanamwahirishia dripu. Alimkumbatia Antonia pale mlangoni akasema, tangulia, nakuja.

Jumamosi, 7 Juni 2025

Nimempeleka Antonia kwao, Kwa Mtoro. Anataka kukaa na mama yake wakati huu wa mavuno. Kule hajawaeleza habari za utafiti, alisema tu nilitibiwa, nimepona. Kumweleza mama kura ya kompyuta kwa Kisandawe, alisema, kungemchukua mwaka.

Mama mkwe alimshika uso kwa mikono miwili, akaongea naye lugha yao. Mimi baada ya miaka yote hii nimeambulia salamu tu. Vile vidoko vya ulimi vimenishinda. Batholomeo, kaka yake Antonia, alinichinjia kuku.

Kesho narudi. Kazi.

Jumatatu, 23 Juni 2025

Batholomeo amepiga simu. Antonia amefariki. Nimeegesha gari la wizara kando ya barabara. Siwezi kushika usukani.

Jumapili, 6 Julai 2025

Nimerudi Nzuguni. Tulimzika kwao, nilipofika tayari kaburi lilikuwa linachimbwa. Siku ya tatu mama mkwe alimtuma Batholomeo aniite, anataka kunieleza ilivyokuwa. Nikasema nakuja. Nikazunguka nyuma ya zizi, nikakaa huko mpaka wakaacha kuniita.

Sitaki kujua ilivyokuwa. Amekufa, inatosha.

Nyumba imejaa vumbi. Upepo wa mwezi huu hauna adabu. Blauzi yake aliyoanika kabla ya safari bado iko kambani, imekauka mpaka inasimama yenyewe. Hatukujaliwa mtoto. Hakuna wa kumwambia aianue. Nimeiacha.

Jumatano, 16 Julai 2025

Simu ya Antonia ninayo mimi, naichaji. Leo imeita. Sista Yasinta. Sauti ya furaha — anaulizia hali ya mgonjwa wake, aliyemuaga akienda kwao.

Nilifungua mdomo. Nikasema, amepumzika.

Kwetu mtu akisema hivyo umeshaelewa, unasema pole. Lakini sista alikuwa kazini, nyuma yake nasikia watu na mlango unagonga. Akasema, vizuri, mwache apumzike, kule kwao kuna hewa nzuri. Mwambie namsalimia. Mwezi wa nane asisahau kliniki.

Nikasema, nitamwambia.

Alhamisi, 17 Julai 2025

Kuna watu mahali fulani, leo hii, ambao kwao Antonia yu hai. Wana namba yake. Kwenye kompyuta yao anahesabiwa na wanaoishi. Nimeendesha gari siku nzima nikiliwaza hilo na limenifariji kuliko mahubiri yote ya msibani.

Nisipopiga simu, ataendelea.

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Sista amepiga tena. Sikupokea.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimekutana na Witness sokoni. Amekonda, kitambaa kichwani, lakini anatembea. Alifurahi kuniona kama ndugu. Shemeji, Antonia yuko wapi, mbona simu hapokei? Halafu bila kusubiri jibu akaanza kunieleza. Amechoka. Dripu mbili zimebaki na juzi alitaka kuacha, mwili hauna nguvu, mguu mmoja unauma. Lakini nikimkumbuka Antonia napata moyo, akasema. Nasema yule kamaliza na kapona, na mimi nitamaliza.

Nikamwambia. Sijui nilitumia maneno gani. Alikaa chini palepale, juu ya gunia la mtu. Mwenye gunia alimsogezea nafasi.

Baadaye aliniuliza, hospitali wanasemaje? Nikageukia magunia. Akaniangalia.

"Shemeji. Hujawaambia?"

Nikasema sijaweza.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema: mimi ile dripu ninayo mwilini. Kama ndiyo iliyomuua, nani ataniambia? Na kama siyo iliyomuua, kama yeye alipata maji tu, hilo nalo linatakiwa lijulikane. Ukimweka Antonia hai kwenye hesabu zao, watasema dawa inafanya kazi. Wataniwekea mimi. Watawawekea na wengine.

Nikamwambia pole. Akasema, pole yangu ni wewe uende.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Nimekwenda. Niliomba ruhusa kazini, nikaegesha nje ya hospitali, nikakaa kwenye gari muda mrefu kabla ya kushuka.

Sista Yasinta aliponiona peke yangu alijua. Alisimama, akavuta kiti, akakaa karibu yangu badala ya upande wa pili wa meza. Nikasema, sista, ile siku nilipokuambia amepumzika.

Alifunika mdomo. Akasema, na mimi nikamtumia salamu.

Tukakaa. Alilia, mimi sikulia. Sikutegemea sista alie. Nilidhani kwao sisi ni namba tu.

Kisha akajifuta, akaanza kuuliza, kwa upole, na kila swali lilikuwa mlango nilioufunga mwenyewe. Alifariki siku gani? Hilo nalijua. Alianzaje? Sijui. Alikuwa na homa? Sijui. Alibanwa kifua, alikosa pumzi? Sijui. Damu? Sijui, sista. Mguu ulikuwa umevimba?

Hapo nikakumbuka kwamba tulipofika Kwa Mtoro alishuka kwenye basi anachechemea. Alisema ni kukaa muda mrefu. Sista aliandika, mkono ukasimama kidogo, ukaendelea.

Nikamwambia kuhusu mguu wa Witness. Alitoka mbio. Nilimsikia kwenye korido anapiga simu: aje leo, asisubiri kesho, mtafutieni usafiri.

Aliporudi akanieleza. Damu inaweza kuganda mguuni ikapanda mpaka kwenye mapafu, mtu akaondoka ghafla. Kansa yenyewe huleta hilo. Dawa nayo inaweza. Hawezi kusema ni ipi. Kuna kamati ya watu walio mbali na hospitali, wao hukusanya habari za vifo vyote na madhara yote, na wao wana uwezo wa kufunua nani alipata nini. Wakiona dawa inaumiza watu kuliko inavyosaidia, wanasimamisha. Lakini wanaona kile tu kinachowafikia.

Hakuniambia nimekosa. Nilimsubiri aniambie.

Alisema, aliyekuwa naye ni nani? Nikasema mama yake. Akasema, basi itabidi tumuulize yeye, kama atakubali. Nikamwambia mama hajui Kiswahili cha kutosha, wala hajui kama binti yake alikuwa kwenye utafiti. Akasema, tutamwambia kwanza. Hatuwezi kumuuliza bila kumwambia.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Witness amelazwa. Walimkuta na damu iliyoganda mguuni, anachomwa sindano za kuiyeyusha. Daktari wake amemsimamishia dripu. Nilipita kumwona. Alinishika mkono, hakuuachia. Anapumua vizuri.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Kwa Mtoro. Naandika ndani ya gari la hospitali, nje ya nyumba ya mama mkwe.

Tuliondoka asubuhi. Dereva wao ni kijana mzuri, anajua kukwepa makorongo. Mimi nilikaa nyuma, sijazoea. Sista Yasinta alikuwa mbele, amevaa kitenge, ameacha sare. Njiani aliniuliza Antonia alipenda nini. Nikasema asali ya kwao.

Batholomeo alitupokea. Nikamsalimia mama, shikamoo, macho chini kama inavyonipasa. Akaitikia kwa Kiswahili. Hakuniuliza mbona sikurudi.

Nilisema mwenyewe. Sista alitaka kuanza, nikamwomba aniachie. Batholomeo akatafsiri, sentensi kwa sentensi. Kwamba binti yake aliombwa aingie kwenye utafiti wa dawa. Kwamba hakuna aliyejua kama alikuwa anapewa dawa au maji, na mpaka sasa hatujui. Kwamba inawezekana dawa ilimdhuru, na inawezekana haihusiki kabisa. Kwamba nilificha kifo chake kwa wale waliotakiwa kujua, na mgonjwa mwenzake mmoja karibu apotee kwa hilo.

Batholomeo alikwama kwenye neno utafiti. Alilizunguka kwa maneno mengi. Mama alimsikiliza, akauliza swali moja fupi.

Batholomeo akanigeukia. Anauliza, Antonia alikuwa anajua hayo yote?

Nikasema, alijua. Aliambiwa ruksa kuacha. Hakuacha.

Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilikuwa tayari anifukuze. Akainuka, akaingia ndani, akamwita sista kwa mkono, na Batholomeo nyuma yao. Mimi hakuniita. Nikarudi kwenye gari.

Dereva amekwenda kutafuta maji. Nasikia sauti ya mama kupitia dirishani. Anaongea polepole, kwa lugha yao, na sielewi ila jina la mke wangu, linakuja, linapita, linakuja tena. Batholomeo anafuata kwa Kiswahili lakini sauti yake ni ndogo, sipati maneno. Nimeshukuru kwamba sipati.

Sasa wamenyamaza.

Sista Yasinta ametoka. Anakuja huku, macho mekundu. Anasema mama amefika mahali fulani akasimama. Amekataa kumwambia mgeni yaliyobaki. Anasema ni maneno Antonia aliyomwachia mumewe, naye amekaa nayo tangu msiba akimsubiri.

Nimemuuliza sista, ni lazima?

Amesema, si lazima. Ameushika mlango wa gari, haufungui wala haufungi.

Mama amekuja mpaka kizingitini. Amesimama pale, ananitazama. Naweka kalamu chini, nashuka.