Lenard Bado Yuko Makambako

Kikundi cha Tufikishane,
Makambako, Njombe.
9 Juni 2024

Mpendwa Mama Mkubwa Esnath,

Shikamoo, mama. Naomba Mungu barua hii ikukute ukiwa mzima, na baridi ya Tandala isiwe imekuzidi mwezi huu. Hapa nako tunaamka mbao zimefunikwa umande mweupe, vidole vinakataa kukunjika. Miguu inaendeleaje? Zile dawa za hospitali unazimeza, au umeziacha tena kwa kuwa zinakuchosha? Na viazi, vimetoka salama shambani? Mimi ni mzima. Mgongo ni mgongo wa mpakia mbao, siwezi kuudai zaidi ya hapo.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu neno lako la kwanza ni "Mnamleta lini?", na mimi nikishalisikia nakosa pa kuanzia. Karatasi hainikatizi. Isome taratibu, uvae miwani.

Mwaka umepita na zaidi tangu rundo la magogo lilipomwangukia mwanao Lenard. Masika ile, barabara ya kupanda huko ilikuwa tope tupu, wenye magari hawakutaka hata kutusikiliza, tukamzika hapa hapa. Wewe ulikataa kuja. Ulisema hutamlilia mwanao ugenini, utamlilia akifika kwake. Sikukulaumu, na leo sikulaumu.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Ubao mrefu hubebwa na watu wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Lenard alikuwa nyuma yangu siku zote. Kabla hatujanyanyua aliupiga ubao kwa kiganja mara mbili, nami nikajua yuko tayari. Sasa nyuma yangu yuko Ambrose, kijana mpole wa kutoka Mawengi, ana watoto wadogo. Yeye hapigi. Lakini mimi nilikuwa naendelea kusikia, mama. Siyo kwa sikio, kwa bega. Ubao unatetemeka mara mbili, ndipo tunanyanyua. Siku moja nilimuuliza, "Umepiga?" Akasema, "Nimepiga nini, kaka?" Nikamwambia twende. Mchana kweupe, jua linawaka, malori yanapita.

Ni kwa ajili yake tulianzisha kikundi. Tumetoka mbali sote, na kila mmoja alilitazama lile kaburi akajiona yeye. Tukakiita Tufikishane. Bwana mmoja wa maendeleo ya jamii alitueleza kwamba kikundi kisichogawana faida, chenye katiba na cheti, kinaweza kuomba ruzuku kwa taasisi fulani inayosaidia vikundi. Tukasema tutaomba gari la kuwarudisha watu wetu makwao wakifia kazini. Safari ya kwanza ingekuwa ya Lenard, tukishapata kibali cha kumfukua. Ndiyo sababu nilikuwa nakuambia usubiri.

Andiko la kuomba ruzuku liliandikwa na Germana, yule mama anayetupikia ugali kiwandani. Ndiye katibu, kwa kuwa amemaliza kidato cha nne na mwandiko wake unasomeka. Tulikaa jikoni kwake, moshi unatutoa machozi. Alipofika mahali palipouliza mradi utamnufaisha nani, alinyanyua kalamu akatutazama. Mwenyekiti wetu, mzee Elius, akasema, "Anza na Lenard." Hakuna aliyeona kosa. Tuliona ndiyo haki yenyewe.

Mwezi wa tatu taasisi ikamtuma mgeni kututembelea. Kijana wa heshima, viatu safi, akasalimia mpaka wapishi. Akaona cheti, akaona katiba, akasifu. Kisha akasema, "Sasa ningependa kuonana na mlengwa mmoja, nizungumze naye."

Mzee Elius akachukua kofia yake. "Twende, baba. Siyo mbali."

Tukamfuata mzee, na mgeni akamfuata mzee, tukavuka reli mpaka makaburini. Mimi nilidhani mgeni anajua. Kumbe alidhani tunampeleka nyumbani kwa mtu. Mzee akasimama kwenye ule msalaba niliouchonga mwenyewe, akavua kofia akasema, "Huyu hapa."

Mgeni alicheka kidogo. Alipotuona hatucheki, akaacha. Akasema taratibu, "Mzee wangu, mlengwa anatakiwa awe hai."

Mzee Elius akamjibu, "Akiwa hai anapanda basi."

Shadrack, mpakiaji mwenzetu, ambaye hata msibani hukosi utani wake, alitazama chini. Mgeni alizishika karatasi zake, upepo unazichezea. Mwishowe akauliza, "Na ninyi mnaobaki, gari hili litawapa nini?" Germana akasema, "Usingizi, mwanangu." Hilo nalo sijui kama mgeni aliliandika.

Majibu yamekuja wiki iliyopita. Hawatoi gari la kubebea marehemu, siyo utaratibu wao. Lakini kama tutabadilisha andiko, watatupa kofia ngumu, glovu, buti, minyororo na nguzo za kuzuia marundo yasiporomoke, na mtu wa kutufundisha huduma ya kwanza. Masharti ni kwamba habari ya gari iondolewe yote, na jina la Lenard liondolewe.

Kikao kilikuwa kibaya, mama. Mzee Elius alisimama akasema, "Tukilifuta jina lake tumemzika mara ya pili, na safari hii tumemzika kwa mikono yetu." Shadrack akadakia, "Mzee, gari la maiti wanatunyima, cha kuzuia maiti wanatupa. Tunanuna nini? Au unataka mmoja wetu afe kwanza ili lile gari lipate abiria?" Mzee akamwambia afunge domo lake. Kura zikagongana. Basi Germana akasema, "Hapa mwenye msiba yupo. Danford, Lenard ni ndugu yako. Sema wewe."

Nilitaka kusema tumuulize mama yake. Nikamwona Ambrose amekaa kwenye gogo, kichwa wazi, na nyuma yake rundo limepangwa vilevile kama lile. Vilevile, mama. Hawajabadilisha hata kidogo. Nikasema tuchukue vifaa.

Nimesema hivyo bila wewe, na nitaulizwa na Mungu kama nilikosea. Germana aliandika upya, kesho yake akapeleka. Maana yake ni kwamba gari halipo na halitakuwapo. Lenard hatapanda huko. Sitaki ulisikie neno hili kwa mtu mwingine.

Tangu siku ya kikao ubao umenyamaza. Nasimama nasubiri, bega halisikii kitu, mpaka Ambrose ananiambia, "Kaka, vipi?" Sijui kama ndugu yangu ameridhika au amenichukia. Zamani niliogopa kumsikia. Sasa huu ukimya ndio unaniogopesha zaidi.

Mama, nakuomba uje. Najua ulichosema. Lakini amekaa pale peke yake muda mrefu, wanaompitia ni mimi na mzee tu, na sisi siyo wewe uliyemzaa. Germana amekuandalia chumba, anasema utalala kwake na siyo kwetu wanaume wenye fujo. Kina mama wa usharika wamekubali kukusindikiza na kuimba. Ukitaka kumkemea Lenard kwa kuondoka kabla yako, mkemee hapo hapo, kwa Kikinga, atasikia. Ukitaka kunikemea mimi, nitakuwapo.

Nisalimie baba mkubwa Methusela, mwambie nimeacha kunywa ulanzi, siyo wote lakini mwingi. Nisalimie dada Fidelia na wanawe, na mchungaji. Mzee Elius anakusalimu sana. Ameniambia nikuandikie kwamba hana kinyongo nami, ila sijamwona akinitazama.

Mungu aliyekupa mtoto huyo akushike mkono usianguke njiani, na akupe nguvu ya miguu.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu nitakuwa stendi ya Makambako tangu basi la kwanza kutoka huko mpaka la mwisho. Ukishuka, nitakupokea mzigo. Usiposhuka nitaelewa kwamba hilo ndilo jibu, na nitakwenda kumwambia Lenard mimi mwenyewe.

Wako akupendaye, mwana wa mdogo wako,

Danford