Freni Isiyofunga Gurudumu

Jumatatu, 3 Novemba

Chanjo tena. Baraka hadi Fizi na kurudi. Mgongo unauma. Pikipiki mpya ya kituo cha afya nimepewa mimi, kwa kuwa wauguzi wengine wamekimbia vita, wako Uvira. Freni zake hazifungi gurudumu. Ukibana kwa nguvu zote, mkono wa freni unatetemeka chini ya vidole, gurudumu linaendelea kuzunguka polepole, wala huanguki.

Shemeji yangu Wilondja, mtu wa teksi-moto, amecheka.

"Ile iko ya lami, shemeji. Huku kwetu iko mawe. Chomoa waya chini ya kiti, ikuwe sawa na zetu."

Nimekataa. Mume wangu Alimasi alikufa na freni za kawaida. Matope, gurudumu la mbele likafunga, akatangulia kichwa. Wilondja ni mdogo wake, anajua. Sikumkumbusha.

Alhamisi, 6 Novemba

Wanajeshi wameweka bariyeri mpya kwenye mteremko, chini ya Fizi. Kamba tu iliyofunga barabara, baada ya kona. Changarawe tupu. Nimebana freni. Mkono wa freni ukatetemeka, pikipiki ikaendelea kuteremka kana kwamba sikugusa kitu. Nimekata kamba kwa kifua.

Mwanajeshi mmoja akanielekezea bunduki. "Lala chini! We unakimbia nani?"

Nimelala kifudifudi. Wamefungua sanduku la chanjo, barafu ikamwagika. Wameniachia. Nimejikojolea. Naandika hivyo hivyo, hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemwomba Wilondja, amechomoa waya. Safari hii hakucheka. Najiona nimemsaliti Alimasi. Upuuzi, lakini ndivyo.

Jumatano, 12 Novemba

Nimechoka kuliko siku zote. Niandike kabla sijalala.

Asubuhi Fizi, milio ya bunduki milimani. Watu wanateremka na magodoro. Nimemkuta mama mmoja, Nyiramana, amelala kwenye baraza ya zahanati. Anatoka pande za Minembwe. Mimba imefika, damu inatoka, daktari hayuko. Bamotari, watu wa teksi-moto, wote wamekataa kumteremsha Baraka. Wanaogopa bariyeri: wanajeshi wakisikia lugha yake, watasema ni adui. Mimi pia niliogopa. Nilizunguka zahanati nzima nikitafuta mtu mwingine. Hakuna.

Tukamfunga mgongoni kwangu kwa kitenge. Mvua ikaanza. Nikasema ngoja. Tukafungua kitenge, tukamshusha, nikainua kiti, nikarudisha ule waya, tukamfunga tena.

Barabara ilikuwa sabuni. Kwenye kona, ng'ombe katikati, ameachwa na wenyewe. Nilibana freni zote mbili. Ule mtetemo vidoleni. Pikipiki ikayumba, ikasimama wima, pua ya ng'ombe karibu na taa. Nilipiga kelele. Nyiramana alikuwa anaomba kwa lugha yake, hakuacha.

Mbali kabla ya bariyeri nikazima pikipiki, nikafungua kitenge, nikaisukuma kwa mikono, yeye juu. Mwanajeshi yuleyule.

"Huyo ni nani?"

"Iko mugonjwa wangu."

Akamtazama sana. Akatazama damu. Akashusha kamba.

Alhamisi, 13 Novemba

Nyiramana amejifungua msichana, hapa Baraka. Mama mzima, dhaifu.

Wilondja anasema ni bahati tu. Nimemwambia: kwenye mawe freni hii karibu iniue, kwenye matope imetuokoa. Wote wawili tunasema kweli. Yeye hataitaka. Mimi nitaitaka, ila nitaanza kupunguza mwendo mapema, mawe yakionekana. Tumebishana mpaka tukachoka.

Jumapili, 16 Novemba

Wameichukua pikipiki. Watu wenye bunduki, sijui wa upande gani, karibu na mto Mutambala. Hawakunipiga. Nimetoa ufunguo mwenyewe.

Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni nafuu. Baadaye aibu. Watoto wa Swima, kijiji cha ziwani, watapata chanjo namna gani?

Jumatano, 19 Novemba

Kwa miguu hadi Swima, njia ya ziwani. Sanduku kichwani. Nyiramana amenisindikiza mpaka nyumba za mwisho za Baraka, mtoto kifuani. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa walitutazama. Mmoja akamsalimia. Nyiramana akaitikia kwa sauti ndogo, kisha akaketi pembeni anyonyeshe. Yule aliyemsalimia akasogeza kikapu, akampa nafasi kivulini.

Niliendelea kutembea. Upepo ulikuwa mzuri.