Kila Mtu Amwangalie Jirani Yake

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Kesho Bogoria! Chama chetu cha akina mama wa Merigi kimeimba safari hii tangu Januari, mpaka waume wakaanza kutucheka. Basi ni la shule, shule zimefungwa, ndiyo maana tumelipata rahisi. Viti ni vigumu lakini nani analia? Rebeccah, mwenyekiti wetu, amenipigia simu mara nne kuhusu chapati. Mara nne! Mimi katibu, si mpishi.

Quinter alipita jioni na trei ya mayai. Huko Bogoria watu huchemsha mayai kwa maji ya moto yanayotoka ardhini. Anauza mitumba hapa sokoni, mumewe Jackton yuko kiwandani. Mimi ndiye nilimwingiza chamani, Mjaluo peke yake kati yetu. Wengine bado humwita "yule wa mitumba." Kesho tunakaa pamoja.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumerudi. Quinter hatukurudi naye. Siwezi kuandika.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Niandike tu ilivyokuwa, hapa hakuna wa kunitazama.

Bogoria ni ajabu. Maji yanaruka kutoka chini, mvuke kila mahali, na sisi wanawake wazima tukapiga kelele kama watoto wa nasari. Saa tisa dereva akapiga honi. Mayai ya mwisho yalikuwa bado majini, na hayo nilitaka nimpelekee mama yangu. Nikamwambia Quinter, ngoja yaive, mimi nitakushikia kiti. Nitakushikia kiti!

Kuingia tu, Rebeccah akaniita nikae mbele kwake. Nikafurahi, nisijidanganye. Mwaka mzima nimetamani kuitwa mbele.

Orodha ya majina ilikuwa mkononi. Nikaanza kuhesabu kwa kidole, mmoja, wawili. Kogo, mama mkwe wa Rebeccah, akanikemea: "Wewe msichana! Hata ng'ombe hatuhesabu, sembuse watu? Unatuitia nini?" Basi zima likanyamaza, hata wale waliookoka kutushinda. Ndivyo tulivyolelewa. Ukihesabu watu unaita kifo. Nikakunja karatasi.

Rebeccah akasimama mlangoni akasema kama siku zote, kila mtu amwangalie jirani yake. Zikaanza kelele: ako, ako, huyu ako! Fancy, mwenye sauti ya tarumbeta, alikuwa nyuma yangu tu. Rebeccah akauliza, "Na Quinter?" Nikageuka. Nikaona leso yake na mkoba kwenye kiti cha nyuma kabisa. Nikasema, "Ako."

Neno moja tu. Tukaondoka.

Njiani, pale Kedowa, tulisimama kununua kabichi. Nikaenda nyuma kumwuliza Quinter kama anataka. Hakuna mtu. Tukapiga simu yake, ikalia ndani ya mkoba. Wengine wakaangua kilio. Dereva akakataa kurudi, basi linangojwa, na ng'ombe wetu hawajakamuliwa. Ndiyo, hilo pia lilisemwa! Rebeccah akauliza ni nani alisema ako. Hakuna aliyejua. Zilikuwa kelele nyingi. Mimi nilijua, nikawa nageuzageuza kabichi.

Nilimpigia Jackton mwenyewe. Angalau hilo. Akauliza, "Kwani hamkuhesabu watu?" Nikamwambia kwetu hatuhesabu. "Hamuhesabu," akasema. Akakata.

Ametoka alfajiri kumtafuta. Mpaka sasa hakuna habari. Yale maji yanaweza kupika mtu.

Jumatatu, 11 Agosti

AMEPATIKANA! Asante Mungu. Jackton amepiga saa nne. Aliteleza kwenye tope la moto akikimbilia basi, mayai mkononi. Mguu wa kushoto umeungua vibaya. Mama mmoja wa huko akamchukua kwake, zahanati ikamfunga bandeji.

Nililia hapo hapo shambani nikichuma majani chai, kikapu mgongoni. Halafu, kabla machozi hayajakauka, nikawaza: atauliza ni nani alisema ako. Mimi ni mtu wa aina gani?

Jumatano, 13 Agosti

Nimeenda kumwona. Nilibeba mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na maneno niliyoyafanyia mazoezi asubuhi yote nikichuma: Quinter, ni mimi niliyesema.

Akaniwahi. "Jackton ameniambia ni wewe uliona siko. Wewe peke yako. Hao wengine wangenikumbuka wakifika Merigi." Akanishika mkono. "Nikiwa kwa huyo mama nilikuwa nasema tu, Nelvine ataona. Huyo lazima aone."

Nikasema, "Pole." Maneno yote niliyobeba yakawa pole. Jackton alisimama mlangoni bila kuketi, akanitazama mpaka nikaaga.

Jumamosi, 16 Agosti

Mkutano kwa Rebeccah. Quinter aliletwa na bodaboda, mguu umenyooshwa mbele. Rebeccah akaomba msamaha kwa niaba ya chama, akasema safari ijayo majina yatasomwa. Kogo akasonya.

Kisha mmoja akasema sauti ile iliyosema ako ilikuwa ya Fancy. Mwingine akaitikia, naam, nani mwingine ana sauti hiyo? Fancy akakana, akalia, na kadiri alivyolia ndivyo walivyoamini. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa naandika kumbukumbu za mkutano. Niliandika: *Fancy amekana.*

Quinter akasema hana kinyongo na mtu. Lakini anataka kumshukuru Nelvine mbele ya wote. Wakanipigia makofi. Nilisimama nikainamisha kichwa kama bibi harusi. Nilitaka ardhi inimeze.

Niko nyumbani sasa. Fancy amekuja, yuko nje kwa geti, macho yamevimba. Anataka nimsindikize kwa Quinter akaombe msamaha, maana mimi Quinter ananisikiliza. Nikamwuliza, si ulisema si wewe? Akajibu, "Nimefikiria sana, Nelvine. Watu wote hawawezi kukosea. Labda nilisema, sikumbuki tu."

Nimemwambia angoje kidogo nivae viatu. Nimeshavaa. Ananiita tena.