Springi za Alama Mbili Nyekundu

Baba Pacha,

Huku hatujambo. Pacha wote wawili wameng'oka meno ya mbele, wakicheka utadhani vizee. Goti la mama yako limetulia.

Ujumbe wako umenifikia hapa stoo ya vipuri: springi ya nyuma ya gari imekatika, nikutumie jozi ya kiwandani yenye alama mbili nyekundu. Umefanya vyema kukwangua matope ukasoma rangi kama nilivyokufundisha. Kiwanda hakipaki rangi kwa urembo.

Ila nilishangaa. Gari liliondoka hapa na springi za alama moja ya buluu. Fundi alizifunga mimi nikimshikia taa. Nikasema labda nimechanganya, nikafungua kitabu cha vipuri. Buluu moja ni ya gari la viti vya kawaida. Nyekundu mbili ni ya gari lililoongezwa safu ya tatu ya viti, la kubeba familia.

Nawe uliniambia huko kwenye barabara mnayojenga unakaa peke yako, wewe na vyombo vyako vya kupimia. Nikiuliza mbona jioni hupatikani, unasema mtandao. Haya. Simsingizii mtu. Lakini vyombo havikalii viti, mume wangu.

Springi nimeshazifunga kwenye boksi. Sizitumi kwa basi, zisije zikapotea. Jumamosi nazileta mwenyewe, pamoja na pacha na mama yako. Uje kutupokea stendi na gari hilo hilo. Usihofu, tutaenea.

Mkeo,
Mama Pacha